Impreza GF8 ya 1998: Brembo za mtumba, pistoni nne za Subaru, au seti mpya ya Uchina?

Turbo_Rongai
Wadau, habari za jioni. Nina Impreza wagon, GF8 ya 1998, nimeichezea kidogo. Kukimbia inakimbia, kusimama ndiyo maombi. Jumapili nilishuka Mai Mahiu kwa ile barabara ya chini, na kabla hata ya kufika kwenye lile kanisa dogo la Waitaliano pedali ilikuwa imelainika inaenda sakafuni. Nimeamua kubadilisha kalipa za mbele, zile zinazobana padi kwenye diski. Nina ofa tatu:

Kalipa za Brembo za rangi ya dhahabu, zilizotoka kwa STI (ile Impreza kali), mtumba wa Japani, jamaa wa Kirinyaga Road anataka 75,000, kalipa mbili bila diski. Kalipa za Subaru zenyewe za pistoni nne, 38,000 pamoja na diski. Halafu kuna mtu Industrial Area ana seti mpya ya Uchina, pistoni sita, diski za milimita 330, braketi za kufungia zimo, 92,000.

Nalipa mwisho wa mwezi. Nichukue gani?

Makanika_Ngara
Swali umelileta nusu. Rimu ni inchi ngapi? "Nimeichezea kidogo" ndiyo nini, turbo kubwa ama stika? Mastersilinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ni ya kwake au ilibadilishwa? Na la muhimu kuliko yote: mafuta ya breki yalimwagwa lini mara ya mwisho?

Dhahabu_Tupu
Brembo. Mjadala umefungwa. Mbele zinaingia bila braketi, bolti mbili kila upande. Mimi ninazo mwaka wa nne, nikikanyaga abiria anasalimia dashibodi.

Mama_Wagon
Dhahabu, mwambie yote basi. Diski ya Brembo ya mbele ni milimita 326, rimu ya chini ya 17 isahau, na hata 17 si zote, kuna ambazo mikono yake inakwaruza kalipa. Pia aangalie zimetoka STI ya mwaka gani. Kuanzia toleo la 2005 habu (kitovu cha gurudumu) ni 5x114.3, yaani bolti tano kwenye duara la milimita 114.3, na diski zake zimetobolewa hivyo. GF8 ni 5x100. Kalipa itaingia, diski haitaingia, atarudi Kirinyaga Road kutafuta diski za 2001 hadi 2004 huku gari liko juu ya mawe.

Mimi ningechukua zile za pistoni nne. Diski ni 294, rimu ya 16 inatosha. Forester yangu inazo, nashuka nazo Limuru kila siku na watoto ndani.

Mzee_504
Vijana, sisi tulishuka Mai Mahiu na Peugeot 504, gia ya pili, breki tunaigusa kama mtu anayeonja chai ya moto. Gari lile lilishinda Safari Rally 1975 na halikuwa na kalipa za dhahabu. Kijana, ulishuka na gia ya ngapi?

Dhahabu_Tupu
Mzee, na heshima zote, Safari walikuwa wakibadilisha breki kila wakisimama kwa mafundi wao.

Mzee_504
Sijauliza hilo. Nimeuliza gia ya ngapi.

Seti_Mpya
Mbona wote mnaogopa Uchina? Pistoni sita ni sita, nne ni nne. Na mpya haina kutu, haina mpira uliochoka.

Makanika_Ngara
Idadi ya pistoni haisimamishi gari. Hesabu ni eneo la pistoni zote zikijumlishwa, na umbali wa padi kutoka katikati ya habu. Pistoni sita ndogo zinaweza kusukuma sawa na nne kubwa. Ukiweka eneo kubwa sana mbele na mastersilinda ileile, pedali inakuwa ndefu. Tena mbele inafanya kazi yote, tairi za mbele zinajifunga mapema wakati za nyuma ziko likizo, na unaweza kusimama mbali kuliko ulivyokuwa ukisimama na kalipa za kiwandani. Seti ya Uchina nitaipinga kwa sababu moja tu: ukihitaji mpira wa pistoni au padi mwaka ujao, utampigia nani?

Nilipona
Niruhusuni niwasimulie, kwa sababu mnabishana kalipa gani na hakuna aliyeuliza anafungwa na nani.

2021 nilinunua hizohizo za pistoni nne. Zilikuwa zimefanyiwa ukarabati, mpira mpya, rangi nyekundu, nzuri ajabu. Nikapeleka gereji moja, sitaitaja. Fundi akafunga asubuhi, tukaanza kutoa hewa. Mimi ndani nakanyaga, yeye chini anafungua, "shika... achia... shika." Saa tatu nzima! Chupa mbili za mafuta zikaisha. Ukikanyaga mara ya kwanza pedali inazama, mara ya pili inapanda na kuwa ngumu. Nikamuuliza, akaniambia "itajikaza yenyewe ukiendesha, padi bado hazijakaa." Nami kwa ujinga nikalipa.

Jioni nateremka Kiambu Road, mbele kuna pikapu imebeba nyasi za ng'ombe mpaka zimefunika taa. Ikasimama ghafla. Nikakanyaga: hakuna kitu. Nikapampu, ya pili ikashika. Gari lilisimama boneti likiwa chini ya ule mzigo, nyasi zimelala kwenye kioo changu kama nywele. Dereva wa pikapu hata hakujua. Nilikaa pale wiper zikizunguka, sijui nilizigusa saa ngapi.

Kesho yake nikapiga jeki nyumbani. Mpwa wangu wa kidato cha pili akachungulia: "Mjomba, mbona hivi vichuchu vya kutolea hewa viko chini?" Kalipa ya kushoto ilikuwa imefungwa kulia, na ya kulia kushoto. Hewa hupanda juu, vichuchu viko chini, sasa itatokea wapi? Tulizibadilisha upande, nusu lita ya mafuta, pedali ikawa kama kukanyaga jiwe.

Kwa hivyo Rongai, chochote utakachonunua, vichuchu viangalie mbinguni. Na usitoke gereji kama pedali inahitaji kukanyagwa mara mbili.

Mama_Wagon
Pole sana kaka. Hiyo ya "itajikaza yenyewe" nimeisikia na mimi.

Turbo_Rongai
Samahani nilikuwa kazini. Turbo ni kubwa kidogo kuliko ya kiwandani. Mastersilinda ya kwake. Mafuta ya breki sijabadilisha tangu ninunue, kama miaka mitatu. Gia nilikuwa ya nne mzee, wakati mwingine ya tano. Rimu ni 15.

Makanika_Ngara
KUMI NA TANO.

Dhahabu_Tupu
Haki ya nani.

Mzee_504
Gia ya tano.

Makanika_Ngara
Sikiliza mdogo wangu. Ofa zako zote tatu hazitaingia ndani ya rimu hizo. Na pedali kulainika kwenye mteremko si kalipa, hayo ni mafuta yaliyochemka. Yananyonya unyevu. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya lazima yahimili angalau nyuzi 230, yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155. Miaka mitatu, gia ya tano, Mai Mahiu! Anza na lita moja ya mafuta, padi nzuri, na hosi za breki. Hosi za 1998 zinavimba ukikanyaga, zishike kwa mkono uone.

Seti_Mpya
Aweke DOT 5, ni kubwa kuliko 4.

Makanika_Ngara
Usimuue. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo nyingine. Labda unamaanisha 5.1.

Seti_Mpya
Si ni kitu kimoja na koma?

Mama_Wagon
Rongai, ukipata rimu kubwa, kabla hujalipa kalipa bandika donge la unga wa chapati juu ya kalipa, funga rimu, zungusha polepole, toa, pima unene uliobaki. Chini ya milimita 3 achana nayo. Bawabu wangu alidhani nafanya uchawi.

Turbo_Rongai
Asanteni. Mafuta nitabadilisha Jumamosi. Lakini ukweli zile za dhahabu nimezipenda. Kuna mwenye rimu za 17, 5x100?

Westi_Rimu
Za 17 sina. Niko na 16 za Forester, 5x100, nne, 22,000. Moja ilinyooshwa.

Mama_Wagon
Ilinyooshwa au ilichomelewa?

Westi_Rimu
Ilinyooshwa na kuchomelewa kidogo kwa ndani. Haionekani.

Mzee_504
Mungu wangu.

Turbo_Rongai
Unaweza kuchukua zangu za 15 nikuongezee?