Taa za LED ndani ya gari: za kuchomeka, za kufunga kwenye waya, au za uzi?

Mkaaji_wa_Himbi

Salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Ninataka kuweka taa za LED za mapambo ndani ya gari langu, na jana nilizunguka Birere, hapa Goma, nikaonyeshwa aina tatu. Ya kwanza ni vipande vinne vilivyokwisha kuunganishwa, vyenye kichwa cha kuchomeka katika tundu la kiberiti, kwa dola 10. Ya pili ni utepe wa mita 5 unaobadili rangi kwa rimoti, kwa dola 13, ambao fundi ataukata na kuufunga kwenye waya za gari. Ya tatu ni uzi mwembamba wa mwanga unaopachikwa katika mianya ya dashibodi na milango, nao ni dola 35. Fundi ananingoja Jumamosi. Je, mngenishauri nichukue ipi?

FundiKatindo

Ndugu, umetupa bei lakini hukututajia gari. Ni gari gani, la mwaka gani, na taa hizo unazitaka ziwake wakati gari limezimwa au linapotembea tu? Betri yako ina hali gani? Tena, mita 5 ni nyingi kwa gari dogo. Unakusudia kuziweka wapi zote? Usipojibu hayo, kila mmoja hapa atakushauri kwa kufuata gari lake mwenyewe.

MamaDereva_Majengo

Mimi ninakushauri za kuchomeka, nami ninazo kwa mwaka wa pili sasa. Hakuna waya wa gari unaokatwa, na siku nikitaka kuuza gari ninazing'oa kwa dakika chache, mnunuzi asione hata alama. Kasoro yake ni kwamba zinachukua tundu ambalo ningechajia simu, na kamba yake hupita karibu na gia, hivyo niliibana pembeni kwa vibanio vya plastiki ili mguu usiivute. Kabla hujanunua, toa ufunguo kisha uone kama tundu la kiberiti bado lina umeme, kwa sababu yapo magari ambayo tundu hilo halizimiki.

FundiKatindo

Mama, ninakuheshimu, lakini hizo za kuchomeka ni za majaribio. Kazi safi ni utepe uliofungwa kwenye sanduku la fyuzi, mahali panapopata umeme ufunguo unapowashwa. Utepe wa kawaida wenye taa 60 kwa kila mita, zile taa pana, hula takriban wati 14 kwa mita. Mita zote 5 zitavuta ampea 6, lakini sehemu za miguu peke yake zinahitaji vipande vinne vya sentimita 30, yaani mita 1.2, ambavyo ni ampea 1.4 hivi. Fyuzi ya ampea 3 inatosha kabisa, na waya wa milimita za mraba 0.75 hautapata hata joto. Ukate penye alama ya mkasi tu, kila baada ya taa tatu, la sivyo kile kipande hakitawaka.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni hili. Utepe umetengenezwa kwa volti 12, lakini injini ikiwaka gari hutoa hadi volti 14.4. Taa tatu za buluu zilizofuatana hutumia takriban volti 9.6, na kinachobaki hubebwa na rezista, kile kipande kidogo cha kupunguza mkondo kilicho pembeni yake. Kwa volti 12 rezista inabeba 2.4, kwa 14.4 inabeba 4.8, kwa hiyo mkondo unaweza kukaribia mara mbili. Ndiyo maana tepe nyingi hufifia baada ya miezi michache, na watu wakalaumu barabara. Nunua kidhibiti kidogo cha volti 12 na ukitangulize kabla ya utepe.

Yaya_wa_Sake

Yote hayo ni sawa, lakini aina ya taa si jambo la kwanza. La kwanza ni fyuzi, na mahali inapokaa. Mwaka juzi fundi mmoja alinifungia taa za miguuni, akachukua umeme moja kwa moja kwenye betri, akapitisha waya chini ya zulia hadi nyuma, bila fyuzi hata moja. Ziliwaka vizuri kwa miezi miwili. Usiku mmoja, nikitoka Sake kurudi Goma na watoto wamelala nyuma, nilisogeza kiti nyuma ili ninyooshe mgongo. Baada ya muda nikasikia harufu kama ya mfuko wa plastiki uliotupwa motoni. Taa za kulia zikazimika, kisha za kushoto, halafu moshi ukaanza kutoka chini ya kiti changu. Nilisimama kando, nikazima ufunguo, lakini moshi haukukoma, kwa kuwa waya ule ulitoka kwenye betri yenyewe na ufunguo haukuwa na amri juu yake. Niliwatoa watoto, nikafungua boneti, na sikuwa na spana namba 10. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, aliyesimama kutuangalia ndiye aliyekuwa nayo, akalegeza kichwa cha betri mbele yangu.

Kesho yake tuliinua zulia. Reli ya kiti ilikuwa imekula plastiki ya waya, shaba ikabaki uchi kwa urefu wa shubiri moja, na sufi iliyo chini ya zulia ilikuwa nyeusi, yenye tundu ambalo kidole gumba kingepita. Fyuzi ya franka 500 iliyowekwa shubiri moja kutoka betri ingekatika palepale waya ulipogusa chuma. Kwa hiyo, Ndugu wa Himbi, usimwache fundi afunge zulia kabla hujaona fyuzi kwa macho yako.

Mlushi_Kamalondo

Pole sana, Yaya. Mimi niko Lubumbashi, na tatizo letu ni joto. Mwezi wa kumi gari likikaa juani, gundi ya utepe inalainika na kipande kizima kinaning'inia penye miguu, karibu na breki, jambo ambalo halifai hata kidogo. Ninapendelea ule uzi wa dola 35, kwa sababu taa yenyewe imefichwa katika kisanduku kimoja na uzi unabeba mwanga tu, si umeme. Ukikwaruzwa na mlango hakuna kinachoungua. Kama utachukua utepe, futa plastiki kwa spiriti kwanza, kisha uongeze vibanio.

Mkaaji_wa_Himbi

Asanteni, na mnisamehe kwa kuficha mambo. Ni Toyota RAV4 ya 2004, usukani kulia. Ninataka taa za miguuni ziwake mlango unapofunguliwa, na za dashibodi, za rangi ya buluu, ziwake usiku kucha tunapokuwa kwenye sherehe. Betri ni ya ampea-saa 45, na ina miaka minne.

FundiKatindo

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Za dashibodi zikivuta ampea 1.4 kama zile za miguuni, kwa saa 10 ni ampea-saa 14, karibu theluthi moja ya betri iliyo mpya, na yako si mpya. Asubuhi utasukumwa. Za miguuni zifuate taa ya darini: katika Toyota nyingi za miaka hiyo swichi ya mlango hukata upande wa hasi, hivyo chanya utaitoa kwenye taa na hasi kwenye waya wa swichi. Fundi apime kwanza. Waya zenye ala ya njano asiziguse wala asizitoboe kwa sindano ya kupimia, kwani ni za mifuko ya hewa.

MamaDereva_Majengo

Buluu kwenye dashibodi itajionyesha katika kioo cha mbele usiku, na katika barabara zetu watu na chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, hupita bila taa. Chagua nyekundu iliyofifishwa, ambayo haiharibu sana macho yaliyozoea giza, au uache dashibodi kabisa.

Yaya_wa_Sake

Ninaongeza kuhusu viungo vya waya. Visichomelewe kwa risasi. Pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu, na kwa mtikisiko wa mawe yetu ya volkano unakatika hapohapo. Vibanwe kwa koleo maalumu na vichwa vya chuma vya kubania waya.

FundiKatindo

Sikubaliani nawe, Yaya. Kiungo cha kubana kilichofanywa kwa koleo la kawaida kinalegea kabla ya risasi kukatika. Mimi huchomelea, ninavika bomba la plastiki linalosinyaa kwa moto, kisha ninaufunga waya kwenye fungu la waya za gari pande zote mbili za kiungo ili usicheze.

Mkaaji_wa_Himbi

Uzi nimeuacha kwa sababu ya bei. Nitanunua utepe na kidhibiti, na dashibodi itasubiri betri mpya. Kuhusu viungo bado sijui nimsikilize nani.

Yaya_wa_Sake

Mwombe fundi akuonyeshe koleo lake kwanza. Kama ni lile la kukatia misumari, basi achomelee.