Miezi 41 baharini, kampuni imeninyima barua ya zamu. Mabaharia wa Mtwara mliopita njia hii naombeni msaada

Wakuu, naandika nikiwa nyumbani Mtwara, nimeshuka basi la Dar leo asubuhi. Ni safari ya tatu ndani ya miezi miwili, na kwa mara ya tatu nimerudi na bahasha ileile. Nimejaribu kulala, usingizi hauji kwa hasira.

Mimi ni baharia wa sitaha, AB (yaani baharia mzoefu asiye ofisa), mzaliwa wa Mikindani. Nina miezi 41 ya bahari kwenye meli mbili za mizigo za kampuni moja, zote juu ya tani 500 za ujazo. Nilianzia chini kabisa: kukwangua kutu, kupiga rangi, kufagia hachi za shehena, kuvuta kamba usiku wa manane mvua inanyesha. Silalamikii hayo, kazi ni kazi. Miezi kumi na minne ya mwisho nikapandishwa bridji, yaani chumba cha juu cha kuongozea meli, zamu ya chifu ofisa, msaidizi mkuu wa kapteni, saa kumi alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, halafu tena saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku. Nimeshika usukani, nimeangaza (kutazama mbele kama kuna meli au hatari), nimefundishwa kusoma rada na kuweka alama ya meli kwenye ramani, chifu mwenyewe amesimama nyuma yangu anakagua. Tukiingia bandari ya hapa Mtwara, kwenye ule mlango wetu mwembamba, rubani wa bandari, anayeongoza meli kuingia, akishapanda, kapteni alikuwa ananiita mimi kwa jina nishike usukani, hata kama zamu yangu imeisha.

Nikaamua kuomba mtihani wa cheti cha ofisa wa zamu. Kwa wasioijua njia hii, nieleze kidogo, maana kuna vijana wanadhani ofisa ni lazima awe alianza kama kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa. Si kweli. Mkataba wa STCW wa 1978, ule wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, pamoja na marekebisho yake, kwenye kanuni ya II/1 umefungua milango miwili. Kadeti aliye kwenye programu iliyoidhinishwa, mwenye kitabu cha mafunzo kinachosainiwa melini, anahitaji miezi 12 ya bahari. Asiye na programu hiyo, kama mimi niliyepanda meli kutafuta riziki, anahitaji miezi 36. Na wote wawili, ndani ya muda huo, lazima wawe wamefanya zamu ya bridji isiyopungua miezi sita chini ya uangalizi wa kapteni au ofisa mwenye cheti. Masomo na kozi, kama ile ya GMDSS, redio ya mawasiliano ya dharura baharini, ni juu ya hapo.

Miezi 36 ninayo na inabaki. Miezi sita ya bridji ninayo mara mbili na zaidi. Kozi nimemaliza.

Sasa someni barua ya utumishi niliyopewa na kampuni: jina langu, majina ya meli, tarehe za kupanda na kushuka, kisha mstari mmoja, "alifanya kazi za kawaida za sitaha." Basi. Neno bridji halimo. Neno zamu halimo. Aliyepokea maombi yangu aliisoma akanirudishia, akaniambia niombe barua inayotaja zamu ya bridji na muda wake. Yeye simlaumu hata kidogo. Hawezi kumpa mtu mtihani wa kuendesha meli kwa karatasi inayosema alikuwa anapiga rangi.

Nikarudi kampuni. Mara ya kwanza wakaniambia anayesaini ni kapteni, na kapteni amemaliza mkataba amerudi kwao. Mara ya pili nikawaambia sawa, kuna logi ya bridji, daftari la kumbukumbu za safari. Kila zamu mle imeandikwa nani yuko usukani na nani anaangaza, na jina langu limejaa. Nikaomba nakala za kurasa hizo tu, hata gharama nilipe mimi. Wakasema logi ni siri ya kampuni. Juzi, mara ya tatu, bwana mmoja wa ofisi ya mabaharia ndiyo akanitamkia ukweli, tena bila kupepesa macho: "Tukiwaandikia nyie barua hizo, kesho mnaondoka. AB mzuri tutampata wapi?"

Wakuu, nilikaa kimya kwenye kile kiti nikajiona nimefungwa kamba. Kumbe uzuri wangu kazini ndio kosa langu. Nimewaingizia meli yao bandarini salama mara ngapi, na malipo yake ni kunibakiza pale pale, kwa mshahara ule ule, mpaka mgongo uchoke.

Na si kwamba hawajui wajibu wao. Mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, MLC, unasema baharia lazima apewe hati yenye kumbukumbu ya ajira yake melini. Mwongozo wake unakwenda mbali zaidi: hati hiyo iwe na maelezo ya kutosha kumwezesha baharia kupata kazi nyingine au kutimiza masharti ya muda wa bahari ili apande cheo. Kupanda cheo kumetajwa kabisa! Sikuomba wanisifu, na mkataba huo wala hauruhusu hati hiyo kuandika ubora wa kazi ya mtu. Nimeomba waandike nilikuwa wapi kati ya saa kumi na saa mbili.

Kinachoniuma zaidi ni mjomba wangu wa Tandahimba. Hela ya kozi ilitoka kwenye korosho zake. Alisubiri mnada, akasubiri malipo ya chama yaingie benki, na hela ilipoingia akanitumia karibu yote kabla hajanunua hata dawa ya kupulizia msimu unaofuata. Jana kanipigia: "Mjomba, umeshakuwa ofisa?" Nikamwambia bado kidogo. Nimemdanganya mtu mzima.

Vijana wa Shangani, Chikongola, Mikindani mnaopanda meli sasa hivi: usishuke ngazi ya meli bila barua. Siku ya kushuka, kapteni akiwa bado yupo na mhuri upo mezani, mwambie aandike zamu ya bridji, kuanzia tarehe gani mpaka tarehe gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, chini ya ofisa yupi, na asaini. Soma kabla hujaipokea. Mimi niliweka bahasha kwenye begi bila kuifungua kwa sababu nilikuwa nawahi basi.

Ninachoomba kwenu ni kitu kimoja. Kuna aliyewahi kukubaliwa kwa barua ya kapteni au chifu iliyoandikwa baadaye, mwandishi wake akiwa ameshaacha kampuni? Chifu wangu wa zamani nimempata, yuko tayari kuandika na kuambatanisha nakala ya cheti chake. Kama ilikubalika kwako, niambie ilikuwa na maneno gani na nani mwingine alisaini. Cheti changu cha afya kinaisha muda mwezi ujao na sina hela ya kupima tena.