Pawa saplai ya kompyuta ya gemu kwa shilingi 6,000: ninunue ipi hapa Kisumu?

Kijana_wa_Nyalenda

Habari za jioni, ndugu zangu. Tangu Januari nimekuwa nikiunda kompyuta yangu ya kwanza ya gemu, kipande kimoja kila nipatapo vibarua, na sasa kilichobaki ni kasha, ambalo nimelilipia arubuni, na pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme. Prosesa ni Ryzen 5 5600, kadi ya picha ni RX 6600, RAM ni GB 16, kisha kuna SSD moja na feni tatu. Mfukoni nina shilingi 6,000.

Nimeona tatu. Duka moja hapa mjini lina ya wati 750, mpya, yenye taa za rangi, kwa shilingi 3,200. Jamaa aliyefunga saiba yake kule Kondele ananiuzia ya wati 500 yenye nembo ya 80 Plus Bronze (ile ya kuonyesha kwamba haipotezi umeme mwingi), iliyotumika, kwa shilingi 3,500. Ya tatu ni mpya ya wati 550, Bronze pia, ambayo ningetumiwa kwa basi kutoka Nairobi kwa shilingi 7,800 bila kuhesabu gharama ya kifurushi. Kwa hesabu yangu wati 750 kwa bei hiyo ni bahati, lakini rafiki yangu niliyeenda naye dukani aliipokea mkononi, akacheka, akairudisha kaunta bila kusema neno. Naomba mnieleze alichokicheka.

Fundi_Lanet

Mdogo wangu, alicheka uzito. Pawa saplai ya kweli ina koili za shaba, transfoma yenye kiwiliwili na vipande vya alumini vya kupoza joto, na vitu hivyo ni vizito. Hapa Nakuru nimefungua nyingi za bei hiyo zilizoletwa kwangu zikiwa zimeungua, nikakuta mahali palipochorwa koili ya kuchuja umeme pamewekwa kipande cha waya mtupu, kana kwamba mtengenezaji aliona aibu kuacha matundu wazi.

Namba ya wati iliyo kwenye boksi isikushughulishe. Rudi dukani, omba kwa adabu uione tena, usome kibandiko kilicho ubavuni, kisha utuandikie ampea zilizo kwenye kila safu, hasa ile ya +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya picha hupata karibu umeme wao wote kutoka kwenye laini hiyo. Angalia pia kama nyuma, karibu na soketi, kuna kitufe chekundu cha kuchagua 115 au 230.

Kijana_wa_Nyalenda

Shikamoo, fundi. Nimerudi. Kibandiko kinasema hivi: +3.3V ampea 30, +5V ampea 30, +12V ampea 22, –12V ampea 0.5, na +5VSB ampea 2. Kitufe chekundu kipo.

Fundi_Lanet

Marahaba. Sasa tufanye hesabu pamoja, maana wati ni volti mara ampea. Laini ya volti 12 inatoa wati 264. Laini ya 3.3 inatoa 99, ya 5 inatoa 150, na zile mbili ndogo zinatoa 6 na 10. Jumlisha zote, hata kama tungekubali kwamba zinaweza kufanya kazi kwa pamoja, jambo ambalo kwa kawaida haliwezekani: unapata 529. Kibandiko chenyewe kinakanusha boksi.

Upande wa mahitaji, RX 6600 hutumia wati 132, na Ryzen 5 5600, ingawa imeandikwa 65, huruhusiwa kufika 76. Ukiongeza ubao mama, RAM, SSD na feni, uko kwenye wati 250 hivi gemu linapopamba moto, karibu zote kutoka laini ya volti 12. Kwa hiyo ungekuwa unaikamua pawa saplai hiyo hadi tone la mwisho kila jioni, tena ukiamini maneno ya mtu aliyekwisha kukudanganya kwenye boksi. Kwa kadi yako AMD hupendekeza pawa saplai ya wati 450, na ya 550 iliyo ya kweli inakutosha vizuri.

Kuhusu kitufe: kikiachwa kwenye 115 na wewe ukaichomeka kwenye umeme wetu wa volti 240, utasikia mlio mmoja tu, na biashara imeisha. Pawa saplai nzuri za siku hizi hazina kitufe hicho kwa sababu hupokea kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe.

Ile iliyotumika nisingeikataa moja kwa moja. Tazama mwaka wake na ampea za +12V, na kama ni kampuni inayojulikana, ipime kwa mita ikiwa na mzigo: volti 12 isishuke chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6.

Dada_wa_Kakamega

Kwa heshima zote, fundi, hapo kwenye ya saiba natofautiana nawe. Pawa saplai iliyokaa chini ya meza ya saiba imefanya kazi kutwa kwa miaka, katika joto la Kisumu, huku feni yake ikivuta vumbi pamoja na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Mafundi husema kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wa kapasita, vile vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme, hupungua kwa nusu, na kipimo cha mita cha dakika tano hakikuonyeshi umri uliobaki. Nilinunua ya namna hiyo, ikapimwa ikaonekana nzima, na baada ya miezi miwili kompyuta ilianza kujizima kila nilipofungua gemu zito. Nilibadilisha RAM na kufuta Windows mara mbili kabla ya kumshuku mhusika.

Na usijaribu kuifungua ili ukague, maana kapasita kubwa ya ndani huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi.

Jambo jingine ni umeme kurudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kama nyumbani mna kile kifaa cha kulinda friji, ambacho husubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, tafuta kingine kama hicho kwa ajili ya kompyuta. Wakati wa radi, chomoa kabisa.

Jirani_wa_Section58

Mtu asikushawishi kutoa pawa saplai kwenye zile Dell OptiPlex za ofisi. Nyingi hazina plagi ya pini 24, wala hazina waya wa pini 8 wa kadi ya picha.

Halafu usiongeze pesa kwa ajili ya Gold, ile nembo ya daraja la juu kuliko Bronze. Kwa matumizi ya wati 250, tofauti yake na Bronze ni wati 16 hivi. Ukicheza saa nne kila siku, hizo ni kama yuniti mbili za tokeni kwa mwezi.

Kijana_wa_Nyalenda

Nawashukuru wote. Ile ya saiba ilitengenezwa mwaka 2014, kwa hiyo nimeiacha, ingawa mwenyewe alishuka hadi 2,800. Mwenye duka nililolipia arubuni ya kasha la kioo amekubali nichukue lile la bati lisilo na taa, na tofauti ya shilingi 2,300 imeziba pengo pamoja na gharama ya basi.

Kifurushi nimekipokea leo asubuhi. Kwenye kibandiko, +12V ni ampea 43, na kitufe chekundu hakipo. Nimempa yule rafiki yangu aishike, naye ameitua mezani taratibu, kwa mikono miwili.