Tupeane uzoefu: simu imefanya nini na imani yako?

Mleta mada

Wapendwa, shalom. Nina jambo limenikaa moyoni tangu mama alipolazwa mwaka jana. Jioni moja wodini nilianza kumsomea Zaburi kwenye simu. Akasikiliza mstari mmoja, akaninyooshea mkono: "Mwanangu, niletee ya kwangu." Ya kwake ni Biblia, Union Version ya 1952, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi, na pembeni mwa Zaburi ya 90 ameandika majina ya marehemu wetu na tarehe zao. Maneno ni yale yale niliyokuwa nayo mkononi. Lakini kwenye simu bibi hakuwamo, wala kaka yangu.

Najua wapo ambao simu ndiyo iliyowaokoa, na wapo iliowavuruga. Sitaki tushutumiane madhehebu hapa. Kila mtu aseme lililompata yeye.

Mchungaji wa Milimani

Asante, ndugu. Usharika wetu uko juu milimani, na simu za intaneti zimetufikia kwa kuchelewa. Jumapili moja nilihubiri Yohana 21, pale Yesu anapomuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Nikaeleza kama nilivyofundishwa: Kigiriki kina maneno mawili hapo, agapao na phileo, moja ni upendo wa kimungu na jingine ni wa kirafiki, na siri ya somo imo humo.

Ibada ilipokwisha, kijana mmoja wa kwaya, fundi pikipiki, alinifuata sakristia. Kucha zake zilikuwa bado na weusi wa grisi. Akanionyesha simu: "Mchungaji, hapa wanasema Yohana huyabadilisha tu maneno haya. Hata Baba anampenda Mwana kwa phileo, sura ya 5 mstari wa 20." Nilipofika nyumbani nikafungua Agano la Kigiriki. Sura ya 3 mstari wa 35, Baba anampenda Mwana kwa agapao. Sura ya 5, kwa phileo. Kijana alisema kweli.

Nilikasirika, nisiwafiche. Kigiriki hakikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba miaka yote ile ufunguo wa kabati la maarifa nilikuwa nao peke yangu, na sasa kabati liko wazi. Chuoni tulisomeshwa habari za usasaleo (postmodernism), na yule mwanafalsafa Mfaransa Lyotard aliyeandika mwaka 1979 kwamba alama ya zama hizi ni watu kutoziamini tena zile simulizi kuu zinazodai kueleza kila kitu. Nilijibu mtihani, nikafaulu, nikaona hayo ni mambo ya Paris. Kumbe yalikuwa yananijia kwa njia ya gereji.

Jumapili iliyofuata niliwaambia washarika kwamba maelezo yangu yana mashaka, na nikamtaja aliyenisahihisha. Wazee wawili wa kanisa walininunia mwezi mzima. Hofu yao naielewa: mchungaji akijisahihisha madhabahuni leo, kesho watu watashika lipi? Lakini tangu hapo kila Alhamisi jioni tunakaa, watu kumi hadi kumi na watano, tunasoma somo la Jumapili kabla sijalihubiri. Kijana anatafuta kwenye simu. Bibi mmoja asiyejua kusoma ndiye mwenye maswali mazito kuliko sisi sote. Tuliporudia Yohana 21 aliuliza: "Petro alimkana mbele za watu, akaulizwa mbele za wenzake. Kwa nini Bwana hakumwita pembeni akamsitiri?" Sikuwa nimewahi kulifikiria. Tulikaa na swali hilo hadi taa ya sola ikafifia.

Dada wa Muscat

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nafanya kazi za ndani Oman, mwaka wa sita huu. Makanisa yapo, pale Ruwi na Ghala, na watu hujaa zaidi siku ya Ijumaa kwa kuwa ndiyo mapumziko ya huku. Ila mimi natoka mara moja kwa mwezi, na kuna miezi sitoki kabisa. Simu ndiyo kanisa langu. Misa ya alfajiri ya nyumbani, saa kumi na moja, huku ni saa kumi na mbili, naisikiliza kwa sikio moja huku nakanda unga wa mikate ya watoto.

Jumuiya yetu wana kundi la WhatsApp. Kila wakisali rozari, fungu la tatu wananiachia mimi. Natuma sauti, wanaicheza katikati ya sebule, wote wanaitikia. Mwanangu aliniambia wanaiweka simu juu ya kiti, kile nilichokuwa nakalia. Mwenye kusema sala ya simu si sala, namsihi aje akae huku hata miezi miwili.

Katekista mstaafu

Dada, Mungu akutunze. Ninalotaka kusema silisemi dhidi yako. Mwaka 2002 Vatikani ilitoa hati kuhusu Kanisa na intaneti, ikasema wazi kuwa kwenye intaneti hakuna sakramenti. Nimewafundisha watu hilo kwa miaka mingi na bado nalishika, kwa sababu Ekaristi ni ya kuliwa. Lakini kile kiti ulichokitaja kimenifanya niweke simu chini nikakaa kimya kidogo. Hicho si sakramenti, ila pia siwezi kukiita kitu cha bure.

Msharika wa Nakuru

Huku Kenya makanisa yalifungwa Machi 2020. Mchungaji wetu alitangaza Ushirika Mtakatifu kwa YouTube, kila nyumba iandae mkate na juisi ya zabibu. Baba yangu, mzee wa kanisa tangu ujana wake, alivaa suti na tai, akakaa mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Mkate ulipobarikiwa alikataa kuushika. Akasema, "Hakuna aliyenipa." Basi nikasimama, mimi binti yake ambaye sijawahi hata kuwa shemasi, nikauchukua mkate nikampa. Akaupokea kwa mikono miwili.

Julai waliporuhusu ibada tena, watu 100 na saa moja tu, wazee waliambiwa wakae nyumbani kwanza. Nikaendelea kumpa. Sijui wanatheolojia wangeliitaje jambo lile, na sijamwuliza yeyote.

Mleta mada

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mchungaji, swali la yule bibi nimelipeleka kwa mama. Amelichukua, bado hajanirudishia.

Alishatoka hospitali, namshukuru Mungu. Juzi amemwambia mjukuu apige picha ule ukurasa wa Zaburi ya 90, amtumie mdogo wangu aliyeko Toronto. Mdogo wangu akapiga simu usiku huo huo. Alikuwa ameikuza picha, akataka kujua kwa nini majina yote yameandikwa kwa penseli na la baba peke yake kwa wino. Mama akaniomba nipunguze redio, akasogeza kiti, akaanza kumweleza.