Ganda la risasi ya .30-06 limepita kwenye dai (kifaa cha kurudisha umbo la ganda), bolti (komeo la bunduki) bado inafunga kwa shida

Kijana_wa_Njiro: Wakuu, habari za jioni. Niko Arusha, kuna mzee mwindaji wa siku nyingi amenichukua nimsaidie kazi ya kujaza risasi upya. Vibali anavyo, baruti na fataki mpya (viwashio vya baruti vinavyokaa kitakoni mwa ganda) hagusi mtu zaidi yake. Mimi nimeachiwa maganda: nasafisha, napaka mafuta, napitisha kwenye dai itoe fataki iliyotumika na kurudisha umbo. Dai nimeishusha hadi ikagusa kishikio cha ganda, kama maelekezo yanavyotaka. Sasa mengine yanaingia chemba (tundu la bunduki linalopokea risasi) vizuri, mengine bolti mpaka uisukume. Mzee yuko porini. Nianzie wapi?

Fundi Venia: Pima urefu. .30-06 isizidi milimita 63.35. Ikizidi, mdomo wa ganda unagota mwisho wa chemba na kukibana kichwa cha risasi, hapo presha inapanda vibaya. Na upime BAADA ya dai, maana ganda likibanwa linarefuka. Yaliyozidi kata hadi 63.1, kisha ondoa makali mdomoni, ndani na nje.

Binti Meru: Samahani nawakatiza. Msomaji mwingine asije akadhani leseni ya bunduki inatosha. Kumiliki ni jambo moja, kutengeneza risasi ni jingine. Anzia polisi kwanza.

Kijana_wa_Njiro: Asante dada. Fundi, nimepima, yanayogoma yako 63.1 hadi 63.2.

Babu Sakina: Basi ni bega, mwanangu, pale ganda linapoanza kupungua kuelekea shingoni. Chukua ganda tupu lisilo na fataki, lifute mafuta, paka bega na shingo kwa maka peni nyeusi. Ingiza chemba, funga bolti taratibu, litoe. Wino ulipokwaruzika ndipo panapogusa. Kama ni begani, dai haijashuka vya kutosha. Presi, ile mashine inayosukuma ganda kwenye dai, ikibeba mzigo inanyumbuka kidogo: dai na kishikio vilivyokuwa vinagusana bila ganda, sasa unaona mwanga katikati. Shusha dai kidogo sana, jaribu tena.

Ila usiibamize tu ili mambo yaishe. Bega likirudi nyuma kupita kiasi, kila bunduki ikilia ganda linavutika karibu na kitako chake, linakuwa jembamba, mwisho linakatika ndani ya chemba. Kurudisha bega 0.05 mm kunatosha kwa bunduki ya bolti. Chukua waya mwembamba, kunja ncha, upitishe ndani ukutani ukianzia kitakoni. Ukikwama kwenye kamfereji, ganda hilo limekwisha, hata kama kwa nje linameremeta.

Fundi Venia: Babu kanizidi hapo. Kijana, unasafishia nini?

Kijana_wa_Njiro: Magunzi ya mahindi yaliyosagwa, kwenye mashine.

Fundi Venia: Safi kabisa. Dawa za kung'arishia zenye amonia usiguse, zinaipasua shaba. Na mafuta ya dai paka kiasi: yakizidi yanabonyeza bega, yakipungua ganda linanasa ndani, na kulitoa ni kazi ya nusu siku.

Kijana_wa_Njiro: Wino umekwaruzika begani. Nimeshusha dai kidogo, yaliyokuwa yanagoma yanaingia sasa. Ila mawili waya umekwama, nimeyaweka pembeni.

Babu Sakina: Pembeni hapatoshi. Yabonde kwa koleo (plaizi), mtu asije akayarudisha kwenye ndoo.