Uzao wa Bibi (Uingereza)

Shangazi Mkubwa: Hamjambo wote. Bibi anarudi Tanga mwisho wa mwezi. Nataka tumpeleke Westminster Abbey Jumapili tarehe 22 Juni, siku aliyozaliwa Sophia kule Greenwich, mwaka 1606. Nani yumo?

Shangazi Mkubwa: Naona mmesoma. Tiki za bluu zote hizo.

Kaka Luton: Sophia yupi, Shangazi? Yule wa harusi ya Leicester?

Baba Mdogo: 😂😂 aliyefungasha pilau

Shangazi Mkubwa: Sophia binti wa Mfalme James wa Kwanza na Malkia Anne! Alizaliwa tarehe 22, akafa 23. Wakampandisha Mto Thames kwa mashua iliyofunikwa nguo nyeusi. Kaburi lake wamelichonga kama kitanda cha kubembeza kichanga, yeye yumo ndani. Ukipita mbiombio unaona kitanda tu.

Dada Reading: Nimewahi kufika. Jirani yake ni dada yake Mary, alifariki 1607 na miaka miwili na kitu. Kamchonga fundi yule yule, Maximilian Colt, ndiye wa kaburi la Elizabeth wa Kwanza pia. Nililia pale kwa Sophia.

Baba Mdogo: Dada, Jumapili hawaingizi watalii. Ni ibada tu.

Shangazi Mkubwa: Basi Jumatatu 23. Tena ndiyo siku aliyofariki.

Kaka Luton: Jumatatu nina zamu 😩

Baba Mdogo: Na kabla hatujachangia tiketi, ile hela ya basi la Canterbury iliishia wapi?

Shangazi Mkubwa: Hilo tulishalimaliza.

Baba Mdogo: Ulilimaliza wewe.

Kaka Luton: Pilau ilipakiwa kwenye basi lile lile 😂

Shangazi Mkubwa: Jamani. JUMATATU. Nani anakuja?

Shangazi Leeds: Ndiyo naamka, nilikuwa usiku kazini. Dada, kumpeleka Mama kwenye kaburi la kichanga, umefikiri vizuri?

Shangazi Mkubwa: Kaomba mwenyewe. Aliona picha kwenye simu yangu.

Shangazi Leeds: Basi tuseme na la Muheza. Kwenye msiba wa Baba nilisema pale pawekwe jiwe. Wanaume wa nyumba hii mkanijibu mtoto wa siku moja hajengewi.

Baba Mdogo: Leo tena?

Shangazi Leeds: Leo. Sophia alijengewa na baba yake, na hakufikisha hata siku mbili.

Dada Reading: Bibi kaniambia nimsomee yote kwa sauti. Nimemsomea. Anasema niandike hivi, neno kwa neno: "Wangu naye aliiona asubuhi ya pili. Nilimpa jina. Miaka yote hii hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nilimwitaje. Huko kwa Sophia nitakwenda. Na Muheza nataka jiwe, liandikwe jina nikiwa bado naweza kulisoma."

Baba Mdogo: Sawa, Mama. Nimesikia.

Shangazi Leeds: Shikamoo Mama. Napiga simu sasa hivi.

Shangazi Mkubwa: Jumatatu saa nne asubuhi, tukutane mlangoni. Bibi asitembezwe sana, atafutiwe kiti cha magurudumu. Tiketi anakata nani?

Kaka Luton: Naomba kubadilishana zamu. Nitawajibu kesho.

Baba Mdogo: Ya Mama nakata mimi. Zenu semeni mko wangapi.

Shangazi Leeds: Na fundi wa Muheza?

Baba Mdogo: Namtafuta. Nitumieni jina.

Dada Reading: Anasema atakutajia wewe mwenyewe, si hapa. Mpigie.