Hivi nyie mnaotoa maoni ya vitabu huwa mmevisoma kweli?

Wakuu, nimevumilia sana ila leo nasema. Jana nimekesha mpaka saa nane usiku napitia maoni ya watu kuhusu vitabu maana nilikuwa natafuta kitu cha kusoma, nimepita kwenye riwaya, tawasifu, historia, sayansi, vile vya kujiendeleza, yaani mchanganyiko, na nilichoambulia ni "kitabu kikali sana", "hakinogi", "kimebadilisha maisha yangu". Kikali kwa lipi? Kimebadilisha nini kwenye hayo maisha? Hakuna, mtu kaacha nyota tano kasepa.

Uvivu huo ningeweza kuusamehe. Kinachoniuma ni watu kuhukumu kitabu ambacho hata hawajakifungua, na wala hamjifichi vizuri. Chukua Frankenstein ya Mary Shelley, ya mwaka 1818. Kila nikipita nakuta mtu kaandika "lile dubwana Frankenstein linatisha". Ndugu yangu, Frankenstein ni yule jamaa aliyeliumba, Victor Frankenstein, dubwana lenyewe halina jina kitabu kizima. Na wala haliburuzi miguu likiguna kama la kwenye muvi, la kitabuni linaongea, tena linaongea kwa ufasaha, kuna sura kadhaa mfululizo linajieleza lenyewe na wewe msomaji unaanza kulionea huruma huku unaliogopa. Sasa wewe uliyekipa nyota mbili kwa sababu ya muvi uliyoangalia, ulikuwa unakihukumu kitabu gani?

Na kwa kuwa nimekigusa hicho kitabu ngoja niseme kitu ambacho kimenikaa kichwani siku nyingi. Humo ndani hilo dubwana linaokota begi la ngozi msituni, kufungua linakuta vitabu: riwaya ya Goethe kuhusu kijana Werther na majonzi yake ya mapenzi, maisha ya watu wakuu wa Ugiriki na Roma ya kale yaliyoandikwa na Plutarch, na utenzi mrefu wa Milton, Paradise Lost. Cha kubuni, cha historia na cha ushairi, mchanganyiko ule ule mnaouchambua nyie. Linasoma vyote. Halafu linaeleza kila kimoja kililifanya nini. Kwa Werther lilijikuta linalia bila kuelewa vizuri sababu. Plutarch alilitoa kwenye mawazo yake mabaya ya kujisikitikia, likaanza kuwapenda mashujaa wa zamani. Milton ndiye aliyeligusa kuliko wote, likajilinganisha na Adamu, halafu likaona hapana, mimi hali yangu inafanana zaidi na ya Shetani kwa wivu unaonichoma nikiona wenzangu wana furaha. Tena linasema wazi kabisa kwamba ule utenzi lilikuwa linausoma kama historia ya kweli. Hayo ndiyo maoni ya kitabu wakuu! Unajua limesoma nini, lilikuwa kwenye hali gani, limeguswa wapi, limekichukuliaje. Ukimaliza hizo kurasa chache unatamani ukavitafute vitabu vyenyewe. Nyie mmesoma shule miaka yote hiyo mnaniandikia "kizuri sana hiki, kisome".

Halafu kuna hili la kutojua umeshika kitabu cha aina gani. Riwaya mnaipiga mawe kwa dhambi za wahusika. Kuna mtu kaandika kuhusu Rosa Mistika ya Kezilahabi, ile ya 1971, eti ni chafu na mwandishi anafundisha umalaya. Nikamuuliza umefika wapi? Akajibu hakuona haja ya kuendelea. Yaani hajamaliza lakini hukumu tayari! Na riwaya hiyo iliwahi kuzuiwa mashuleni kwa mawazo ya namna hiyo hiyo, wakati ukiisoma yote unaona anayewekwa kiti moto ni mzazi anayedhani kipigo na vitisho ndio malezi, na jamii inayomtumia binti halafu inamnyooshea kidole. Kama hukubaliani na Kezilahabi sema, labda unaona kamtwisha baba mzigo mzito mno, hiyo ni hoja na mimi nitakaa nikusikilize, maana hata mimi kuna sehemu naona mambo yamekimbizwa. Ila kusema mwandishi anafundisha kila kitu ambacho mhusika wake anafanya, hapo bado hujajua kusoma riwaya, na unawaharibia wengine wanaokuamini.

Upande wa pili ni vitabu vya mambo ya kweli, huko mnameza tu. Kikiandikwa "kisa cha kweli" basi, hakuna anayeuliza huyu kajuaje, kaonyesha vyanzo vyake, aliongea na nani. James Frey alitoa kitabu mwaka 2003 kuhusu maisha yake ya ulevi na madawa ya kulevya, kikauzwa kama kumbukumbu za kweli, watu wakalia nacho, ikaja kufichuka 2006 kwamba mambo kadhaa humo alikuwa ameyatia chumvi na mengine kayatunga. Watu hawakukasirika kwa sababu kitabu kibaya, walikasirika kwa sababu waliambiwa ni kweli. Tofauti hiyo ni kubwa lakini nikisoma maoni yenu siioni kabisa, mtu anasifia kitabu cha historia kwa sababu "kinaenda kama muvi" na hasemi hata mstari mmoja kama mwandishi ameonyesha ushahidi wowote.

Vya kujiendeleza sitaki hata kuvigusa leo, nitakesha.

Kwenye upelelezi nina donda langu mwenyewe. Nilikuwa kurasa zaidi ya mia tatu ndani ya riwaya, usiku silali, namhisi huyu, namhisi yule, nikaingia kuona tu wengine wameipokeaje bila kutafuta mwisho wowote, na sentensi ya kwanza kabisa mtu kaandika jina la muuaji. Sentensi ya kwanza! Hata onyo hakuna. Nilifunga kile kitabu na mpaka leo sijakirudia, kwa sababu mwandishi alikuwa amejenga nyumba nzima ili nifike mlangoni mwenyewe, wewe ukaja ukaibomoa kwa maneno manne ili uonekane umemaliza kusoma kabla ya wengine. Kama lazima useme mwisho andika juu kabisa kwamba unamwaga mchele, anayetaka apite mbali. Hilo nalo ni gumu?

Kuna na hizi nyota moja kwa sababu kifurushi kilifika kimelowa au kava limekunjika. Mlalamikie msafirishaji. Na wanaosoma tafsiri, mwandishi anatukanwa "ana lugha ngumu" wakati hiyo lugha ni ya mfasiri ambaye hata jina hamumtaji. Tafsiri ni kazi ya mtu jamani, Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare ikatoka 1963 na bado akarudi akaitengeneza upya ikatoka tena 1969, tamthilia ile ile, mtafsiri yule yule, na lugha ikabadilika. Sasa ukisema "nimesoma Shakespeare nimemchoka" bila kusema umesoma ipi, mimi nikusaidieje?

Na acheni kuona aibu ya kusema hamjamaliza. Mwanafizikia Stephen Hawking kwenye kile kitabu chake cha historia fupi ya wakati, cha 1988, mwenyewe anasema aliambiwa kila mlinganyo wa hesabu atakaouweka utapunguza wanunuzi nusu, ndiyo maana akaacha mmoja tu, ule wa Einstein. Pamoja na hivyo kinashinda watu, mimi kilinishinda mara ya kwanza nikaishia katikati, mara ya pili ndiyo nikafika. Andika hivyo hivyo, "niliishia pale anapoanza kueleza hiki, sikuelewa kwa sababu hii". Hiyo inamsaidia msomaji mwingine kuliko nyota tano za kujimwambafai kwamba nawe umesoma sayansi.

Ila yote hayo yasingenifanya nianzishe uzi. Kilichonitoa kitandani ni maoni niliyokuta chini ya shajara ya Anne Frank. Mtu kaandika, nanukuu kwa kumbukumbu, kwamba stori ilianza vizuri lakini mwisho umekatika ghafla, mwandishi kachoka, kakosa namna ya kumalizia. Nyota moja.

Nimesoma mara tatu nikidhani macho yangu yana shida. Hiyo sio stori mkuu. Ni daftari la binti wa Kiyahudi aliyejificha na familia yake Amsterdam wakiwakimbia Wanazi wa Hitler, alianza kuliandika Juni 1942 akiwa na miaka 13, mara ya mwisho kuandika ni tarehe 1 Agosti 1944, tarehe 4 wakakamatwa. Akafia kambini mwanzoni mwa 1945 akiwa na miaka 15. Baba yake ndiye pekee aliyetoka hai kwenye ile familia, na daftari likachapishwa 1947. Limekatika kwa sababu mwenye kalamu alichukuliwa. Hata kurasa za utangulizi hukuzifungua? Hata maneno ya nyuma ya kava?

Sitaki kutaja jina lako na sitaki watu wakuvamie. Unajua ni wewe, na humu upo maana juzi tu ulikuwa unachangia. Yale maoni bado yapo, nimetoka kuyaangalia sasa hivi. Naomba uyafute leo, kisha ukisome.